Chupa Aliambiwa Asubiri

Wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi mbio za baiskeli za milimani zinaanza. Siku tano za kupanda na kushuka. Ilikuwa nikae hapa niwachambulie nani ana miguu na nani ana mdomo tu. Badala yake namzungumzia marehemu. Na nasema wazi, naongea nikiwa na hasira.

Walimwita Chupa. Kazi yake katika timu ilikuwa kubeba maji. Anarudi nyuma hadi kwenye gari la kocha, anajaza chupa mgongoni, ndani ya fulana, kisha anawafukuzia wenzake mlimani awanyweshe. Nahodha akipata pancha, Chupa anachomoa gurudumu lake anampa. Dada yake anasema hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo, wa mwisho kukaa mezani, nyama zimeshakwisha.

Sasa sikilizeni. Mwaka juzi, siku ya tatu, ile ya mlima mrefu wenye kona kama utumbo, Chupa alijikuta mbele. Narudia, mbele, peke yake. Kilele anakiona, watu wanamshangilia. Mara sauti ya kocha ikamwingia sikioni, kwa kile kiredio wanachovaa: simama, msubiri nahodha, umvute mpaka juu.

Chupa akashusha mguu. Akasimama kando ya barabara, jasho linamchuruzika, macho kwenye kona ya chini. Wakapita wawili. Likapita kundi zima. Nahodha haonekani. Kumbe nahodha alishaishiwa nguvu huko chini, yuko kwenye gari la wagonjwa, na kocha kwa kuhangaika naye akasahau kumwambia Chupa aende. Chupa alifika wa mwisho, chupa ya nahodha ingali mgongoni, imejaa.

Mkewe alimuuliza kwa nini hakuondoka. Akajibu, "Niliambiwa nisubiri." Mama watoto alimnunia wiki nzima.

Mwaka huu, hatimaye, Chupa alipewa unahodha. Safari hii yeye ndiye angesubiriwa. Wiki iliyopita, akiwa mazoezini, moyo wake ulisimama. Kazi ya Mungu haina makosa, nami sibishi. Lakini inauma, jamani. Inaudhi.

Juzi kocha na waandaaji walikwenda kwa mjane. Wakaomba siku ya tatu waendeshaji wote wasimame kidogo pale pale aliposimama Chupa, kwa heshima yake. Mama yule aliwapa chai. Akawasikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji zangu," akasema, "asisimame mtu. Mume wangu alisimama pale kwa niaba yenu nyote. Waambieni wapande."

Kwa mjane, watoto na dada wa marehemu, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki tujitazame. Kama kuna mtu uliyemwambia akusubiri, mwambie leo kwamba unakuja. Na kama huji, mwache aende zake.