Mwongeli Muindi na Saa ya Piano Iliyotugombanisha Kila Jumapili

Baada ya miaka ishirini na miwili katika Redio Nzeeu, Bi. Mwongeli Muindi anastaafu tarehe 31 Agosti. Ofisi imetuomba wasifu huu uwe wa heshima na uwe mfupi. Tutajitahidi kuufanya mfupi.

Alitujia wakati kituo kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vyuma mjini Kitui, na kuta za studio zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha muziki katika shule za sekondari huko Makueni, hadi somo lenyewe likakosa wanafunzi. Sisi tulimwajiri asome matangazo ya vifo, na hapo alikuwa moto wa kuotea mbali. Alisoma majina ya wafiwa, mashemeji, wakwe na wajukuu bila kumeza hata moja. Kuna familia ya Matinyani iliyochelewesha tangazo lao kwa sababu Mwongeli alikuwa likizoni, na hawakutaka mzee wao asomwe na mtu wa kubahatisha.

Saa ya Piano ilizaliwa kutokana na ukame wa vipindi. Mhubiri aliyekuwa na saa yake kila Jumapili alasiri alihamia kituo kingine, akatuachia pengo. Meneja wetu, Bw. Muli, aliuliza mkutanoni nani ana kitu cha kuweka pale. Mwongeli akasema ana sidii za piano alizonunua Sultan Hamud kwa mchuuzi aliyekuwa akiziuza kwa wakulima, wazining'inize shambani kufukuza ndege. Muli alikubali kwa sababu hakuna mwingine aliyefungua mdomo.

Katika sidii hizo, mbili zilikuwa na kipande kilekile cha Chopin. Huyu Chopin alikuwa mtu wa Polandi, mwembamba, mwenye kikohozi kisichoisha, aliyefariki miaka mingi kabla ya reli kufika Sultan Hamud. Mpiga piano wa kwanza alikuwa mzee wa zamani. Alivuta kila sauti kama mtu anayetoa ndoo kisimani: mkono wa kushoto unafika, wa kulia unakuja baadaye ukiomba radhi. Wa pili alipiga moja kwa moja, kila sauti mahali pake, wala hakumsubiri mtu. Mwongeli alizicheza zote mbili hewani, moja baada ya nyingine, kisha akawauliza wasikilizaji wanapenda ipi. Hatujapumzika tangu siku hiyo.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Bw. Fahad Jabiri, mwenye lile duka la vyuma chini yetu. Angeweza kupanda ngazi, lakini alipiga simu.

"Huyo mzee ndiye anajua," alisema. "Mwimbaji mzuri hashindani mbio na ngoma. Anaiacha ipite, halafu anaifuata kwa raha zake. Marehemu mama yangu aliimba hivyo harusini, na hakuna aliyemwambia amechelewa."

Wa pili alikuwa Mchungaji Musyimi wa Wote, ambaye pia ndiye kiongozi wa kwaya ya kanisa lake. "Bwana Fahad, kwa heshima zote, huyo mzee ni kama amelewa. Kwa kwaya yangu, mkono ukichelewa hivyo unakaa nje."

Kufikia mwezi wa pili wasikilizaji walikuwa wamewabatiza wapiga piano wote wawili. Yule wa kuvuta aliitwa Mzee Kuchelewa, na yule wa kunyoosha aliitwa Mwalimu wa Zamu. Watu ambao hawajawahi kuona piano kwa macho walikosana kwa sababu yao. Bibi harusi mmoja wa Wote aliamua kuingia kanisani akisindikizwa na Mzee Kuchelewa, na alipofika madhabahuni, watoto wa maua walikuwa wameketi sakafuni. Mchungaji Musyimi, aliyefungisha ndoa hiyo, aliisimulia hewani Jumapili iliyofuata kama ushahidi. Fahad akapiga kusema kwamba bibi harusi alionekana vizuri na kila mtu, jambo ambalo Mwalimu wa Zamu asingeliweza.

Katika vita hivyo Mwongeli hakuegemea upande wowote. Walimbembeleza, wakamtega, na mmoja alimletea asali. "Mimi nimeandaa meza tu," alikuwa akisema. "Kuleni." Alisema hivyo kwa miaka tisa.

Halafu ikaja kampuni ya kamari iliyotaka saa hiyo kwa mambo ya mpira. Muli si mtu mbaya, ila ni meneja. Alimwambia Mwongeli aitishe mkutano wa wasikilizaji, utangazwe moja kwa moja. Ukumbi usipojaa, Chopin ampishe mshambuliaji wa kati. Mwongeli alichagua ukumbi wa kanisa la Mchungaji Musyimi huko Wote kwa sababu ndiko kulikuwa na piano, nzee lakini yenye meno yote. Akamwalika mwalimu wa muziki kutoka Nairobi aje acheze kile kipande, watu wakisikie kikitoka kwa binadamu aliye mbele yao.

Ukumbi ulijaa. Fahad alileta lori zima la watu kutoka Kitui, wakakaa upande wa kushoto. Wa Mchungaji wakakaa kulia. Katikati palibaki njia ambayo hata watoto waliogopa kuivuka. Ndipo mgeni wa Nairobi akatuma ujumbe kwamba hatakuja. Hakutoa sababu.

Muli alimvuta Mwongeli kando. "Tuwape soda waende nyumbani," alinong'ona.

"Ukiwapa soda leo, Jumapili ijayo utawapa mpira," Mwongeli akajibu. Akavua viatu, akaketi kwenye piano.

Sisi wa mitambo tulishikilia waya zetu na kuomba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia akicheza. Na ukumbi mzima ulikuwa umenyoosha shingo, maana sasa angelazimika kuonyesha yuko upande wa nani.

Hakuwa upande wa mtu. Alikipiga mbio, kwa wepesi, karibu kama ngoma ya kuchezeshea mabega, na ndani yake mlikuwa na sauti kadhaa ambazo Chopin hakuziandika. Kabla watu hawajakaa sawa, kikawa kimekwisha.

Fahad akasimama. "Mama Mutunga," alimwita kwa jina la kifungua mimba wake, "nakuheshimu sana. Lakini umekichinja."

Mchungaji naye akasimama. "Leo, kwa mara ya kwanza, mimi na Bwana Fahad tuko pamoja."

Ukumbi ukalipuka. Watu waliokuwa hawasalimiani walianza kupeana mikono kuvuka ile njia, wakiunganishwa na jinsi alivyocheza vibaya. Mwongeli aliwaacha wamalize, kisha akavuta maikrofoni.

"Nilijifunza hiki kipande nikiwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Nilikuwa chuo cha ualimu. Kuna kijana alikuwa akinisubiri nje ya dirisha la chumba cha muziki, na geti lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili. Mwalimu wangu hakuniruhusu kutoka kabla sijakimaliza. Kwa hivyo nilikimaliza. Ninyi mmebishana miaka tisa hii huzuni ichezwe namna gani. Mimi sijawahi kuisikia hiyo huzuni. Mimi nikikisikia, natoka nje."

Mama mmoja wa upande wa kulia akauliza, "Na huyo kijana?"

"Ni Muindi. Tangazo lake nililisoma mimi mwenyewe, mwaka jana."

Hapo ndipo wengi wetu tulikumbuka. Aliingia studio asubuhi ile, akasoma marehemu watatu, na mumewe alikuwa wa pili. Hakumeza jina. Fahad alikuwa bado amesimama, kofia mkononi.

"Basi kicheze tena, Mwaitu," alisema, akitumia neno la Kikamba la kumwita mama. "Mara ya kwanza hatukusikiza vizuri."

Akakicheza tena, mbio zilezile na makosa yaleyale. Mchungaji Musyimi bado aliona ni haraka mno, lakini alimwambia mkewe kwa sauti ya chini.

Jumapili iliyofuata simu zilitulemea hadi laini ikakata. Watu wa kamari walielekezwa wakatafute saa nyingine. Kundi la tatu likazaliwa, la vijana hasa, wanaojiita Watu wa Dirishani, na hao wanataka kila kitu kichezwe mbio hata nyimbo za mazishi. Tunamlaumu Mwongeli kwa hilo.

Ametulea pia. Watangazaji watano wa kituo hiki walijifunza kwake kuvuta pumzi mahali pazuri, na Muli alijifunza kugonga mlango wa studio. Saa ya Piano sasa inashikwa na Katunge, ambaye katika kipindi chake cha kwanza cha majaribio alitangaza kwamba yeye anampenda Mzee Kuchelewa. Mchungaji Musyimi tayari amelalamika mara mbili. Katunge, karibu kazini.

Kanisa la Wote limempa Mwongeli ile piano kama zawadi ya kumuaga. Fahad alitoa lori, na Mchungaji akasafiri nayo ili kuilinda dhidi ya Fahad. Walibishana kutoka Wote hadi nyumbani kwa Mwongeli, Matinyani, kuhusu mkono wa kulia, wakafika hawasemezani, wakaibeba pamoja hadi sebuleni.

Jirani yake anasema jioni hukicheza kile kipande, na kwamba siku hizi anakicheza polepole, polepole sana, akisimama katikati kana kwamba anasikiliza kitu nje. Fahad amelipokea hilo kama ushindi. Mchungaji anasema ni vumbi la njiani limeingia kwenye piano. Sisi hatukumuuliza.

Mwaitu, asante kwa kila jina ulilolisoma sawasawa na kwa kila Jumapili uliyotuharibia. Sasa hakuna geti linalofungwa. Cheza upendavyo, na Mungu akujalie siku nyingi na majirani wavumilivu.