Leota Hergert na Injini Aliyoishona

Mchungaji, ndugu, majirani na nyote mliokanyaga theluji kufika hapa leo, familia imenituma mimi Willis Weitz, mdogo wake marehemu, nisome maisha yake, na niseme mapema kwamba nusu ya karatasi hii aliiandika mwenyewe, nanyi mnajua dada yangu alivyokuwa, hata akiwa jenezani sithubutu kumbadilishia neno.

Leota Mae Weitz alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, katika shamba la ngano la baba yetu Gottfried, nje kidogo ya mji wetu huu wa Endicott, akasoma shule ya hapa hapa kuanzia 1947 hadi alipohitimu Mei 1959, alikuwa mkali wa hesabu, mvivu wa sindano na uzi, na akipendelea kushinda bandani karibu na trekta la minyororo lililokuwa likilima miteremko yetu tangu 1929.

Nyakati zile injini ilipozwa kwa maji matupu, na kila jioni ya baridi ilibidi yamwagwe, la sivyo yangeganda na kuipasua. Kazi hiyo ilikuwa ya kibarua wetu Ansel Tvedt, kijana wa miaka ishirini na minne, lakini Ijumaa ya tarehe 11 Novemba 1955 mkewe mjamzito aliugua ghafla, naye akamwomba Leota, aliyekuwa na miaka kumi na minne, amwage maji ya injini kwa niaba yake. Leota alifungua koki, maji yakachuruzika, yakakoma, akaenda zake akidhani yamekwisha, hakuchokoa tundu kwa waya kama alivyofundishwa, kumbe kutu ilikuwa imeliziba na maji tele yamebaki ndani, na asubuhi bloku, yaani mwili wa injini, ilikuwa na ufa wa urefu wa mkono. Ansel alieleza kwamba alimwomba binti, Baba akamwita Leota na kumuuliza mbele ya watu, na dada yangu, kwa hofu, akajibu kwamba hakuambiwa kitu.

Ansel alifukuzwa siku hiyo hiyo, kwa uzembe na kwa uongo, na hakuna shamba la bonde hili lililomchukua tena, akahamia mji wa Ritzville kubeba magunia. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno letu ambalo sote humu ndani tumelitumia, mtu akisahau kufunga geti au akiunguza mikate tunamwambia amefanya Ansel, na watoto wetu wanalisema bila kujua kwamba Ansel ni mtu.

Marehemu aliajiriwa katika duka la vipuri mwaka 1960, akauza ringi na gasketi kwa miaka thelathini na moja, na neno hilo alilisikia hapo dirishani karibu kila wiki, nasi tulidhani anakunja uso kwa sababu hapendi mzaha. Tarehe 10 Juni 1962 alifunga ndoa na Norbert Hergert, wakajaliwa watoto wawili, Gwen na Dale, na Norbert alimtangulia tarehe 3 Machi 2008.

Aprili iliyofuata alilivuta lile trekta lililopasuka kutoka magugu ya nyuma ya ghala, sote tukamwona amechanganyikiwa na ujane. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu, akazijaza mafuta ya taa, na kila asubuhi baada ya kahawa alizigonga kwa gogo la mti, miezi mitano mizima, hadi ya kwanza ikasogea. Dale alimtafutia bloku nzima kule Oregon, akakataa.

"Mwanangu," alimwambia, "hiyo sikuipasua mimi."

Akaushona ule ufa, alitoboa tundu, akakaza msumari wa skrubu, akaukata, akatoboa tundu lingine likiula ubavu wa ule wa kwanza, misumari mia moja arobaini na mitatu, akajaza maji ikavuja, akang'oa, akaanza upya, ikavuja tena, akang'oa tena, jamani, mwanamke yule! Vidole vilipokakamaa kwa baridi yabisi alifunga mpini wa nyundo kwa vitambaa, akaendelea, na tarehe 6 Mei 2017 injini ikakohoa moshi, ikashika silinda moja, kisha zote nne. Mimi nililia, yeye aliweka kiganja juu ya mshono, akauona mkavu, akanawa mikono, akaomba ufunguo wa gari.

Alikwenda Ritzville peke yake, akamkuta Mzee Ansel kibarazani, akamwambia yote, hata kwamba injini imepona, na Ansel akamsikiliza hadi mwisho.

"Mimi ukweli nilikuwa nao muda wote, Leota," alisema. "Waambie wao."

Aliahidi kusimama mbele yenu kwenye sherehe ya mavuno ya Septemba, lakini Juni alikutwa na saratani ya koo, akaondolewa zoloto tarehe 14 Agosti hospitalini Spokane, asiweze kusema tena, na sherehe ikapita akiwa bado kitandani. Nilimwomba aniruhusu nizunguke nyumba kwa nyumba, akaniandikia kwamba hapana, bonde zima hukaa kimya pamoja siku moja tu, kwenye maziko. Alifariki nyumbani kwake tarehe 19 Februari 2018, saa nne asubuhi, na maneno yake ndiyo haya:

"Ansel Tvedt aliniomba nimwage maji. Nilikubali, nikakosea, kisha nikasema hakuniomba. Hakufanya uzembe na hakusema uongo. Mtu akisahau jambo, semeni amefanya Leota."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Spokane, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, wenzake wa dukani, na akina mama waliooka mikate yenye kabichi ndani inayotungoja ukumbini chini. Tunamshukuru Mzee Ansel, aliyekaa benchi la mbele pamoja nasi, na mimi kama mtoto wa Gottfried Weitz namwomba radhi, kwani jina lake nimelichezea maisha yangu yote.

Pumzika kwa amani, Leota, wameshasikia.