Mama Pengo na Treni ya Posa

Kata-kata, kata-kata: huo ndio mlio wa kwanza ambao marehemu alisema anaukumbuka, magurudumu yakivuka viungo vya reli nyuma ya nyumba ya baba yake, mshika bendera wa stesheni. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, binti pekee na kitinda mimba.

Baada ya sekondari aliingia chuo kikuu, mwaka 1973, kusomea uhandisi wa reli. "Dada, umepotea? Ushonaji ni jengo la pili," mwenzake mmoja alimtania. "Basi nitaanza na mdomo wako," akajibu.

Alikagua njia za reli kuanzia 1977 hadi alipostaafu. Mafundi walimwita Mama Pengo, ingawa meno yake yalikuwa kamili, maana kila siku wimbo ulikuwa ule ule: "Acheni pengo, jamani! Chuma nacho huvimba kwa jua." Reli mbili zisipoachiwa nafasi, joto huzipinda.

Aprili 1980, mchumba wake, mwalimu wa hesabu, alipanda treni na wajomba zake kuja kuposa. Mafundi, wakitaka wageni wasitikiswe, walikuwa wamebana viungo vyote. Adhuhuri marehemu akaikuta reli imejipinda kama nyoka. Alivua viatu, akaikimbilia treni na bendera nyekundu, ikasimama. Wakwe wakakaa juani hadi jioni.

"Mke gani huyu, anatuanika kama nguo?" mjomba mkubwa alifoka. Posa nusura ivunjike.

Walifunga ndoa Desemba mwaka huo. Hata hivyo, mume alibaki na donge: je, kwake alikuwa abiria tu kama wengine? Kila alipouliza, alijibiwa, "Treni ni treni, baba."

Mwaka jana moyo wa marehemu ulianza kudhoofika. Alifariki hospitalini tarehe 3 mwezi huu, alfajiri. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu na kaka zake wawili. Mola ampokee na ampumzishe salama.

Mume ameomba haya yasomwe mwisho. Siku moja kabla ya kifo, akimnywesha mkewe uji, aliuliza tena.

"Treni ile hata ingebeba mawe, ungeisimamisha?"

"Ningeisimamisha."

Mwalimu akaweka kijiko chini. Marehemu akamshika mkono, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Ila ya mawe ningeiendea polepole, nimevaa viatu vyangu."