Mwenye G Meja

Benchi letu liko kati ya kinyozi na kibanda cha fundi viatu, pale Bi Kahawa anapoweka birika lake. Fundi viatu tunamwita Besi kwa sauti yake nzito. Ameitungia kwaya yetu nyimbo thelathini na moja, zote katika ufunguo wa G meja, ambao hata sisi wenye sauti za wasiwasi tunaufikia bila kukaza shingo. Wiki ile kamati ilichagua wimbo wa kufungulia sherehe ya miaka ishirini ya kwaya. Haukuwa wa Besi. Ulikuwa wa nesi aliyejiunga juzijuzi, na ulikuwa katika G meja.

— Kaniibia ufunguo! alisema Besi, akipunga barua. Leo jioni kamati wataisoma hii, na ule wimbo utaondoka.

— Ufunguo hauna mwenyewe, nikasema. Watunzi wameutumia karne na karne.

— We binti, chuo kimekuharibu. Mimi niko G tangu hujaota meno.

Kinyozi, Wembe, akazima mashine.

— Besi ana haki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji si huyu hapa anaugua? G ni kama kiatu: yeye kakilainisha miaka ishirini, mwenzake kaja kuvaa tu.

— Tena nesi huyo anapima watu mapigo ya moyo, akadakia Bi Kahawa. Mapigo yenu anayo yote kwenye daftari. Na kamati kawachoma sindano!

— Ndiyo maana walipiga kura wamesimama! akasema Wembe.

— Haba na haba hujaza kibaba, alihitimisha Besi kwa uchungu, na hakuna aliyethubutu kuuliza methali hiyo imeingiaje.

Akaja mama mmoja na kiatu cha mtoto, soli imeachia. Akasikiliza kidogo.

— Samahani, kaka fundi. Huo wimbo wenyewe unaendaje?

Wembe akamtazama Bi Kahawa. Bi Kahawa akatazama ndani ya birika.

— Besi, si ulikuwepo mazoezini Jumamosi? nikamuuliza. Mwimbie mteja.

— Sikumbuki.

— Hata mwanzo?

— Nimesema sikumbuki!

Akabana misumari midomoni, akaanza kugonga. Fupi, fupi, ndefu. Akanyamaza pale pale sisi waimbaji wa alto tunapovuta pumzi katika wimbo wa nesi, akaendelea. Barua ilianguka chini ya benchi, hakuinama.

Kiatu kilihitaji misumari minne tu. Nyundo ilikuwa imefika ubeti wa tatu.