Beseni Sita za Arlette

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi Néhémie Wilondja, kaka wa marehemu, ndiye familia imeniweka kusoma maisha yake, na sehemu moja nitaisoma kwa aibu.

Arlette Riziki Wilondja alizaliwa Swima tarehe 14 Machi 1986, akaanza shule ya msingi hapo hapo, vita ya 1996 ikatuvusha ziwa hadi kambini Tanzania, ambako alimaliza masomo na kujifunza kushona. Tulirudi nchini mwaka 2007, tukakaa mjini Baraka, akafungua atelier yake ya kushona sokoni, na tarehe 8 Agosti 2009 akafunga ndoa na mwalimu Isidore wa Kazimia, Mungu akawajalia Merveille, Élie na Rosette.

Mwaka 2020 jirani yetu Capitoline, mkimbizi wa Burundi, alimfundisha kuotesha kitambaa: chai yenye sukari na siki kidogo ndani ya beseni, kipande cha utando wa zamani kama mbegu, vijidudu visivyoonekana vinafuma utando mpya, baada ya wiki tatu anauosha, anaukausha kivulini, unakuwa kama ngozi, na hakuna mnyama aliyechinjwa. Alishona mikoba, akaalikwa kuonyesha koti Bukavu tarehe 2 Desemba 2023.

Tarehe 11 Novemba mwaka huo, wiki tatu tu kabla ya maonyesho, siku ya pili ya matanga ya baba yetu, mimi niliyesimamia msiba nilikosa vyombo vya chakula cha wageni, nikaona beseni zake sita zinanuka siki, nikamwaga zote mtaroni, mbegu na utando wa koti pamoja, nikaziosha kwa sabuni, tukapakulia humo ugali. Capitoline alikuwa amesharudi kwao, mbegu nyingine haikupatikana, na Bukavu hakwenda. Arlette aliniambia mara moja tu: "Kaka, ulimwanga kitu yenye ilikuwa inaishi." Nikamjibu kwamba ni uchafu, na watu walipouliza habari za koti nilinyamaza, wakaamini kwamba alishindwa. Hakushindwa, ni mimi.

Aliugua ini tangu Februari 2025, nikakaa kando ya kitanda chake siku zake kumi na tisa za mwisho, kila siku nikijiambia nitasema kesho, akafariki tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru waganga waliomhudumia, majirani walioleta kuni na maji, na bamama washonaji wenzake, ambao nawaomba, mukiulizwa, museme kazi yake ilikuwa inafaulu.

Arlette, msamaha nilipaswa kukuomba ukiwa bado unaweza kuninyima. Pumzika kwa amani.