Nyongeza Iliyofika kwa Wakati Stara Breza

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bi Nevenka Tasić, Mkurugenzi wa Mafao wa wilaya yetu. Bwana Mpiga Picha. Na Bwana Dereva, ambaye tunaomba aingie ndani, maana hapo nje kuna upepo na matope:

Sisi wapokea mafao wa kijiji cha Stara Breza tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu katika chumba hiki, kilichokuwa darasa mpaka watoto walipotuishia. Tunaomba radhi kwa viti. Vilitengenezwa kwa ajili ya darasa la pili. Kukaa tunakaa, kuinuka ndiyo kazi. Kile kijiko cha jemu ya plamu na glasi ya maji ulivyopewa mlangoni ni mila yetu kwa kila mgeni. Jemu ameipika Bi Stojanka, naye hajakuondolea macho tangu ulipoionja, kwa hiyo tukimaliza tafadhali umwambie neno.

Risala inasomwa na Mzee Svetozar. Tumemchagua kwa kuwa ndiye aliyebakiwa na meno ya mbele.

HISTORIA FUPI

Mheshimiwa, hapa palikuwa na shule, duka, na timu ya mpira iliyofungwa na kila kijiji cha bonde hili. Vijana walishuka mjini viwandani, na kutoka mjini wakaenda Austria na Ujerumani. Waliobaki ndio sisi unaotuona. Padri anapanda kuja kuzika tu. Basi liliacha kuja, likisema abiria hawatoshi, na kweli hatukutosha.

Anayepanda bado ni Momir wa posta na gari lake la njano. Kila mwezi anatuletea mafao mkononi: pensheni za wakulima, posho za ulemavu, na posho za wasiojiweza. Siku hiyo anakuwa na mfuko mzito na vijiji vingi, na anataka kumaliza kabla giza halijaingia milimani. Anahesabu, unatia sahihi, anameza glasi yake ndogo ya rakija, pombe kali ya plamu, akiwa amesimama, anaondoka. Hatumlaumu.

Mafao huongezwa kila Januari. Lakini miaka yote nyongeza haikuwahi kuingia katika malipo ya Januari yenyewe. Tuliambiwa mitambo haijawa tayari. Tukalipwa kwa kiwango cha zamani, halafu mapunjo, yaani tofauti iliyobaki, yakaletwa Februari katika bahasha ndogo, kwa siku yake peke yake. Kwa hiyo Februari Momir alipanda mara mbili.

Tunaomba uielewe vizuri hiyo mara ya pili. Mfuko ulikuwa mwepesi na haraka haikuwepo. Momir alivua koti. Aliketi katika kila nyumba, akabadilisha balbu iliyoungua, akatusomea maandishi madogo kwenye maboksi ya dawa, akasikiliza habari za goti na za nguruwe aliyechinjwa. Alikula, akaongezewa, akala tena. Siku ya mapunjo tuliisubiri kuliko sikukuu za watakatifu walinzi wa nyumba zetu, maana sikukuu hizo nazo siku hizi unaweza kuzisherehekea ukiwa peke yako na mshumaa.

MAFANIKIO

Barua ya ofisi yako ilituelekeza tutaje mafanikio matatu.

La kwanza: mwaka huu nyongeza imefika kwa wakati, ndani ya malipo yaleyale ya Januari, bila pengo na bila mtu kudai. Tunasema bila kinyongo kwamba mmefanya kazi. Mzee Milorad, ambaye moyo wake unamsumbua, alinunua dawa za mwezi mzima badala ya kugawa vidonge nusu nusu akisubiri Februari. Hilo ni jambo kubwa, na hatutaki mtu aje kusema kwamba watu wa Stara Breza hawana shukrani.

Mengine mawili tunaendelea kuyatafuta.

CHANGAMOTO

Barabara umeiona. Simu inashika mtandao pale makaburini tu, na ukizungumza hapo lazima upaze sauti. Hayo tumewaambia wageni wote waliokutangulia.

Iliyobaki tulibishana sana kama tuiandike. Inamhusu mwenzetu, Bi Grozdana.

Grozdana ni mjane, anakaa nyumba ya juu kabisa, kupita kanisa. Mwanawe yuko Linz, kule Austria, ana kazi nzuri na mke asiyependa milima. Sisi wenyewe, na tunasema hili kwa aibu, wakati wa theluji hatupandi kule. Miguu yetu haifai tena. Tunatazama moshi wa nyumba yake asubuhi, tukiuona tunasema yuko salama, basi.

Februari hii, siku ambayo mapunjo yangeletwa kama yangekuwepo, Stojanka alichungulia dirishani akamwona Grozdana nje na sepeto, amejifunga kitambaa chake cha sikukuu, anachimba njia kwenye theluji kutoka mlangoni hadi barabarani. Stojanka akashika fimbo mbili, akapanda. Ilimchukua muda mrefu, na kila mahali alipopumzika alimtukana Grozdana. Alipofika getini akapaza sauti:

"We Grozdana! Unamchimbia nani njia?"

"Leo si siku ya mapunjo?"

"Mapunjo gani, mwanamke wewe? Hela si ulipewa yote Januari?"

"Nilipewa."

"Sasa?"

"Sasa nini? Theluji imejaa mlangoni. Nisiitoe kwa kuwa nimelipwa?"

Stojanka akacheka, akamwambia uzee umeshampanda kichwani. Grozdana naye akacheka. Wakaingia ndani. Mezani palikuwa na pai ya jibini nzima, haijakatwa, na glasi mbili.

"Kata basi tule, shoga. Nimepanda mlima kwa ajili yako."

"Subiri kidogo."

Wakasubiri. Hakuna aliyemuuliza mwenzake wanasubiri nini. Pai ikapoa kabisa.

Halafu Grozdana akasema, na Stojanka ametueleza yote alivyoyasikia. Hakuwa amesahau kitu. Alijua tangu Januari, alipoishika bahasha akaona imenenepa. Wengine tulifurahi. Yeye alihesabu mara moja tu, moyo ukamshuka, kwa sababu alielewa palepale kwamba Februari hatakuja mtu wa kuketi. Akachomoa noti za juu akamsukumia Momir. "Hizi kaa nazo, mwanangu, uniletee mwezi ujao." Momir akazirudisha mezani. "Bibi, ukinifanyia hivyo nitafukuzwa kazi." Akameza rakija yake, akaenda. Tangu alipofunga mlango ule hapakuwa na mtu aliyeketi humo ndani. Grozdana alianza kusema na redio, akaizima, maana ilikuwa haimjibu na ilimtia hasira. Asubuhi ile aliamka amekwishajiambia kwamba leo ni siku kama nyingine. Akajikuta anakanda unga. Akasema, haya, acha nikande.

Stojanka alishuka akiwa ameamua kuifanya hadithi hiyo kichekesho, maana yeye huzuni haiwezi. Akaingia kwa Milorad kumsimulia. Akamkuta Milorad amenyoa ndevu, siku ya kazi, amevaa shati jeupe, na chupa iko mezani.

"Na wewe umenyolea nini?"

"Zilikuwa zinawasha."

Msomaji wa risala hii naye siku hiyo alikuwa ameupasha moto ule ukumbi wa wageni wa nyumbani kwake, usiopashwa moto mwaka mzima. Kuni nyingi zimeungua bure. Hakumwambia mtu mpaka tulipokaa kuandika haya.

MAOMBI

Theluji ilipoyeyuka tulikutana hapa kuandaa maombi. Grozdana alishuka, akakaa pale karibu na jiko, na ilipofika zamu yake akasema, "Mwombeni Mheshimiwa aicheleweshe tena nyongeza."

Milorad akaruka, kwa kadiri mtu wa moyo wake anavyoweza kuruka. "Ichelewe ili mimi nife?" Akaviweka vidonge vyake mezani. "Na huko mjini je? Kuna mama ana watoto, anaisubiri hiyo nyongeza kama mvua. Tumlaze na njaa ili wewe upate mgeni wa kula pai?"

Grozdana akawa mwekundu mpaka masikioni. Tulidhani atatoka.

"Mimi sijasema ya watu," akasema. "Nasema yangu. Waichukue yangu, yote, ya mwaka mzima. Wampe Momir mafuta na saa zake, apande siku moja Februari. Ikibaki chenji wakae nayo."

"Na wewe utaongezewa nini sasa?" akauliza Svetozar.

"Mimi hiyo nyongeza naifanyia nini? Kuni ninazo. Mkate naoka. Nikinunua sukari zaidi, chai nitainywa na nani?"

Kisha Stojanka akasema iandikwe na yake. Svetozar na yake. Milorad akasema nusu ya yake, nusu nyingine ni ya moyo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Nyongeza iendelee kufika kwa wakati kwa wote wanaoihitaji, na Mungu awazidishie nguvu katika hilo. Ila kwa sisi tuliotia sahihi hapa chini, ofisi yako iikate, itununulie siku moja ya Momir. Mfuko mtupu, haraka hapana. Tunajua fomu ya ombi kama hili haipo. Tulimuuliza kijana wa ofisi yako kwa simu, kule makaburini, akadhani tunamtania.

HITIMISHO

Mheshimiwa, tumekuona ukipitisha macho kwenye viti ukitafuta Grozdana ni yupi. Hayupo.

Asubuhi ya leo Svetozar alipanda kwa trekta kumchukua. Alimkuta amekwishavaa, viatu vimepakwa rangi, mkoba mkononi. Wakafika wote wawili mpaka getini. Grozdana akalishika geti, akasimama.

"Nikishuka, halafu mtu akapanda?"

"Nani atapanda leo, bibi wewe? Mgeni yuko chini, kijiji kizima kiko chini!"

"Najua," akasema. "Lakini akija akanikosa, hatarudi tena."

Akarudi ndani.

Tunakuombea safari njema, barabara kavu, na uzee wenye watu. Kabla dereva hajageuza gari, tunakuarifu kwamba kwa sasa linaweza kufika mpaka kwa Grozdana. Ukienda, tafadhali usimwambie kwamba tumekutuma. Mwambie ulikuwa unapita tu. Barabara inaishia pale getini pake na hakuna mtu anayepita, lakini hatakuuliza.

Ni sisi,
Wapokea Mafao wa Stara Breza