Kona ya Breki za Uhakika

Benchi la Fundi Spoku, mtengeneza baiskeli, lilikaa pale pale kichochoro kinapotokea barabarani, mguu mmoja juu ya tofali, na wazee wa kahawa wakishakaa kivulini mwa bango jipya la kazi yake hawainuki mpaka birika liishe. Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja tu. Jana mjukuu wa Fundi, binti wa miaka minane, kachomoza hapo na baiskeli, gari likapiga gurudumu la mbele. Bahati yake, kachubuka kiwiko tu. Lakini alikuwa mtoto wa tatu kugongwa pale tangu mwezi uanze. Mama yake kaileta baiskeli bila hata salamu: “Baba, breki hizi si ulizifunga wewe?”

— Mbio hizo! alianza Gia Kubwa, dereva mstaafu wa lori. Mwenda pole hajikwai.

— Kwenye baiskeli mwenda pole ndiye anayeanguka, alijibu Kinyozi, aliyeitwa Profesa kwa sababu alisoma kila gazeti alilofungia mikasi.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Mbona kachubuka kiwiko?

— Basi alisikia nusu.

Fundi aliinamia rimu iliyopinda. Waya wa breki aliukaza mwenyewe, akaujaribu mara mbili. Au mara moja?

— Tatizo rangi, alisema Gia Kubwa. Nyekundu inamchokoza dereva.

— Wa wiki jana alikuwa na ya bluu.

— Bluu inamsinzisha!

— Ninyi sayansi hamuijui, alisema Profesa. Gurudumu dogo linazunguka mara nyingi kuliko kubwa. Mtoto akifika hapa, kichwa kishazunguka mara elfu. Kizunguzungu hicho!

— Lo! Ndiyo maana mimi na lori sikugonga mtu.

— Uligonga kituo cha mafuta.

— Kilisimama vibaya.

Mara mjukuu mwenyewe akatokea, bandeji kiwikoni.

— Shikamoo babu. Shikamooni.

— Marahaba, mama. Baiskeli yako... breki jana zilikataa?

— Hazikukataa. Nilisimama kabisa. Nikasogea kidogo nichungulie, ndipo gari likaja.

Fundi alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. Mtoto akaishika baiskeli, akasimama nayo mdomoni mwa kichochoro.

— Babu, nikisimama hapa, nichungulie wapi nione gari?

Profesa alifungua mdomo, akaujaza kahawa. Fundi akachuchumaa, magoti yakilia, mpaka macho yake yakalingana na ya mjukuu. Kushoto aliona mgongo wa Gia Kubwa. Kulia aliona maandishi yake mwenyewe: FUNDI SPOKU, BREKI ZA UHAKIKA. Bango alilisimamisha mwanzo wa mwezi, jua lisiwachome wateja wa kahawa. Watoto watatu! Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akaingia ndani, akarudi na spana.

— Fundi, unafungua nini? Na kivuli chetu je?

— Inuka, Gia Kubwa. Shika huo upande. Na benchi linahamia nyuma.

— Lakini tulikuwa hatujamaliza kutafuta sababu!

— Nimesema inuka!

Bango likalala chini, jua likawapiga usoni, wote wakakunja macho. Barabara yote ikaonekana mpaka mwisho. Mjukuu akashika breki, akageuza shingo.

— Lile pale, babu, linakuja. Nimeliona.